Tippu Tip: Pembe, mkopo na mnyororo

Katika madarasa yetu ya historia, ikifika mada ya biashara ya utumwa, jina la Tippu Tip halikosi kutajwa. Picha ya mzee mwenye ndevu na joho huonyeshwa, na wanafunzi wa Kiislamu hujikuta wakitazamwa na wenzao kana kwamba anayezungumzwa ni babu yao mzaa baba. Wakirudi nyumbani na kuuliza, wengi huambiwa kuwa habari hizo ni uzushi wa wamisionari na wakoloni, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nasomesha maarifa ya Uislamu katika shule ya sekondari, na swali hili huletwa kwangu karibu kila mwaka: je, mtu yule aliyekuwa akiswali na kufunga aliuza watu, au hakuuza?

Jibu la mkato ni kuwa aliteka watu, alinunua, aliuza na alimiliki. Lakini jibu la mkato halimfai kijana anayetaka kuelewa, kwa sababu halimwambii mtaji ulitoka wapi, nani alikula faida, na kwa nini mtu huyo huyo alikuwa rafiki wa Livingstone, mwajiriwa wa mfalme wa Wabelgiji, na kisha akafanywa alama ya uovu wote wa Afrika Mashariki. Hivyo basi, ndugu msomaji, tumtazame mtu huyu kupitia hesabu za biashara yake. Kwa bahati nzuri yeye mwenyewe aliacha maelezo ya maisha yake. Aliyaandika uzeeni kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa ambavyo Mswahili alieleza maisha yake kwa lugha yake. Kinachomshangaza anayekisoma ni jinsi kilivyojaa frasila, reale, bunduki na siku za safari. Majuto humo ni haba sana.

Jina lake ni Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab al-Murjebi. Alizaliwa Unguja, na mwaka unaotajwa zaidi ni 1837. Ukoo wake ulitoka Oman, lakini ulikwishachanganyika na watu wa mrima vizazi kadhaa kabla yake, na Wazungu waliomwona walimweleza kuwa ni mtu mweusi. Nataja hili kwa sababu wengi wetu tukisikia neno Mwarabu katika habari hizi tunamfikiria mtu mweupe aliyeshuka jahazini jana. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mtu wa misafara aliyehamishia maisha yake Tabora, na huko alimuoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Ndoa hiyo ilikuwa na faida ya kibiashara iliyo wazi: aliyekuwa mkwe wa mtemi hakusumbuliwa na hongo njiani, wala hakukosa wapagazi.

Hamed alianza biashara akiwa na umri wa miaka 12, akizunguka mrima kununua sandarusi, ile gundi iliyochimbwa ardhini na kupelekwa Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Alipofika miaka 18 baba yake alimchukua kwenda bara, na muda si mrefu akakabidhiwa mali avuke Ziwa Tanganyika hadi Urua. Huko alijifunza jambo moja lililomjengea maisha: pembe kubwa ziliuzwa bei mbaya kwa sababu kila mtu alizigombania, na pembe ndogo zilidharauliwa. Yeye akanunua ndogo, na faida aliyoipata ilikuwa nzuri.

Sasa hebu tuulize hizo pembe zilikuwa zikienda wapi. Karne ya 19 ilikuwa karne ya kinanda. Kila nyumba ya tabaka la kati Ulaya na Marekani ilitaka kinanda sebuleni, na vibao vyeupe vya kinanda vilikuwa vya pembe. Mipira ya biliadi ilikuwa ya pembe, vitana na mipini ya visu vivyo hivyo. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kuliko nyingine kwa kuwa ni laini kuchongwa na hazipasuki upesi. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walifika Unguja mapema, na mwaka 1833 serikali yao ikatia saini mkataba na Seyyid Said bin Sultan ambao ulipanga ushuru wa bidhaa zao uwe asilimia 5 tu. Waingereza walipata mkataba wao mwaka 1839 na Wafaransa mwaka 1844. Wamarekani walileta kitambaa cha pamba, ambacho mpaka leo bibi zetu wanakiita merikani, wakaondoka na pembe zilizokwenda kukatwa katika viwanda vya Connecticut. Kati ya miaka ya 1820 na ya 1870 bei ya pembe pale Unguja ilipanda takriban mara nne, ilhali nguo za viwandani zilizidi kuwa rahisi. Mtu wa pwani aliyebeba nguo kwenda bara na kurudi na pembe alikuwa amesimama mahali pazuri kweli.

Lakini hakusimama peke yake. Mtu aliyetaka kupeleka msafara alihitaji nguo, ushanga, masango, baruti na bunduki, na vitu hivyo vilikuwa katika maghala ya matajiri wa Kihindi. Hao ndio waliokuwa benki ya Unguja. Forodha yenyewe ilikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, Baniani wa Kutch, kwa miaka mingi, na baadaye kwa Taria Topan, Khoja Ismailia aliyefika Unguja akiwa mvulana na kuwa miongoni mwa watu matajiri kuliko wote pwani hii. Msafara ulipewa mali kwa mkopo, kwa bei iliyopandishwa juu ya bei ya taslimu, na deni lililipwa kwa pembe baada ya miaka miwili, mitatu au zaidi. Tippu Tip alipoondoka mwaka 1870 kwa safari yake ya tatu na iliyo kubwa kuliko zote, alibeba mali ya Taria Topan yenye thamani ya kiasi cha reale 50,000. Hakuonekana tena Unguja hadi mwaka 1882. Hebu fikiria tajiri anayesubiri deni kwa miaka 12. Asingesubiri kama faida isingekuwa kubwa. Taria Topan huyo, ambaye mtaji wake ulisukuma misafara ile, baadaye alitunukiwa na Malkia Victoria cheo cha Sir. Aliyekopeshwa ndiye aliyebakia katika vitabu vya shule na picha ya mnyororo.

Deni hilo ndilo ufunguo wa mambo mengi yaliyofuata. Mtu mwenye deni hawezi kurudi mikono mitupu. Akikuta mtemi hataki kuuza, au wapagazi wamekimbia, hasara yote ni yake, kwani hakuna wa kuibeba pamoja naye. Na hapo ndipo bunduki huingia katika biashara.

Katika safari yake ya pili, miaka ya 1860, Hamed alikuwa na mizigo mingi na akaajiri wapagazi wa Uzaramo. Baada ya siku chache walitoroka na kuacha mizigo chini. Kwa maelezo yake mwenyewe, alirudi nyuma na watu wenye bunduki, akaingia katika vijiji vyao, akawakamata watu kiasi cha 800, akawafunga minyororo na kuwatwisha mizigo mpaka bara. Anasimulia tukio hilo kama mtu anayeeleza alivyotengeneza gurudumu lililovunjika njiani. Hapakuwa na vita vya dini. Hapakuwa na vita vya aina yoyote. Palikuwa na mizigo iliyokosa vichwa vya kuibeba.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu kuna ndugu zetu wanaotetea habari hizi kwa hoja ya kuwa sharia iliruhusu utumwa. Ni kweli kwamba fiqhi ililikuta jambo hilo duniani kote na ikaliwekea mipaka. Lakini mipaka hiyo ndiyo inayomhukumu Tippu Tip, wala haimtetei. Asili ya mwanadamu kwa mujibu wa mafaqihi ni uhuru. Kumvamia mtu kijijini kwake na kumfunga kwa sababu ya mzigo hakumo katika mlango wowote wa fiqhi. Ahmad Baba wa Timbuktu aliliandikia suala la kukamata watu ovyo risala nzima mnamo mwaka 1615, miaka 200 na zaidi kabla ya mambo haya, akakataa kabisa hoja kwamba weusi wa mtu unatosha kumfanya mtumwa. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Allah (S.W.) mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na mwingine ni aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi, kisha asimpe ujira wake. Kumwachia mtumwa huru kumewekwa katika kafara, na kumepewa fungu katika mafungu manane ya zaka. Sijapata kusoma popote kwamba matajiri wa Unguja walilipeleka fungu hilo mahali pake kwa bidii ile waliyokuwa nayo katika kuhesabu frasila.

Turejee kwenye safari. Mwaka 1867 alifika Itabwa, kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, kwa mtemi Nsama aliyesifika kwa nguvu na kwa wingi wa pembe. Hamed anaeleza kuwa alialikwa ndani ya boma kwa hila na akashambuliwa, akajeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki zikashinda. Waliokuwa upande wa Nsama hawakuandika kitabu, kwa hiyo tuna maelezo ya upande mmoja tu. Mali iliyopatikana humo anaihesabu: pembe frasila 1,950, shaba frasila 700, na chumvi. Frasila moja ni kama kilo 16, kwa hiyo hizo ni takriban tani 31 za pembe na tani 11 za shaba. Mpagazi alibeba kama frasila mbili. Pembe hizo peke yake, basi, zilitaka watu wapatao 975 kutoka Itabwa hadi pwani, mwendo wa miezi. Baada ya vita hivyo ndipo alipokutana na Livingstone, mzee mgonjwa aliyekuwa ameishiwa. Akampa chakula na vitu, na kumpa watu wa kumwonyesha njia. Livingstone, adui mkubwa wa biashara ya watumwa, alilindwa na kulishwa na wafanyabiashara hao hao mara nyingi.

Aghalabu watu huchanganya mambo mawili ambayo yafaa kutenganishwa. Njia ya kati, ile ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, ilikuwa kwanza njia ya pembe, na mizigo yake mingi ilibebwa na Wanyamwezi waliokuwa watu huru wanaolipwa ujira wa nguo. Walikuwa mafundi wa kazi hiyo, na walijivunia. Soko la watumwa la Unguja, pale Mkunazini, lililishwa zaidi na njia ya kusini, kutoka nchi za kandokando ya Ziwa Nyasa mpaka Kilwa. Kati ya mwaka 1862 na 1867 hesabu za forodha zilionyesha zaidi ya watu 97,000 waliopitishwa Kilwa, na kati yao zaidi ya 76,000 walipelekwa Unguja. Hao ni wale waliolipiwa ushuru. Waliokufa njiani na waliopitishwa kwa magendo hawamo.

Ni nini kiliwaita watu wengi kiasi hicho? Karne moja kabla, walioongeza kasi ya soko la Kilwa walikuwa Wafaransa wenye mashamba ya miwa katika visiwa vya Mauritius na Réunion. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Kisha Waingereza wakambana Seyyid Said, kwa mkataba wa mwaka 1822 uliokataza kuwauzia Wakristo, na ule wa 1845 uliokataza kuwapeleka nje ya milki yake ya Afrika. Mikataba hiyo haikuifunga biashara. Iliigeuza njia. Watu waliokuwa wakipelekwa ng'ambo wakawekwa kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na karafuu zikauzwa India, Uingereza na Marekani. Mnunuzi wa London hakumnunua tena mtumwa, alinunua karafuu iliyochumwa na mtumwa. Dalali wa Mkunazini aliendelea kuwapanga watu mistari na kuwatembeza mnadani, mnunuzi akikagua meno na mikono.

Soko hilo lilifungwa Juni 1873. Seyyid Barghash alikataa kwanza, na hoja yake ilikuwa ya kiuchumi: kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeng'oa mikarafuu na kuzamisha merikebu zake, na sasa alitakiwa aache pia ushuru wa watumwa. Balozi John Kirk akamtishia kwa manowari kuizingira Unguja, naye akatia saini tarehe 5 Juni. Kabla mwaka haujaisha Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa mahali palipokuwa soko. Kimataifa, kilichosukuma shinikizo hilo zaidi ni habari za Livingstone kuhusu mauaji ya Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, ambapo watu wa wafanyabiashara wa pwani waliwapiga risasi mamia ya watu, wengi wao wanawake, waliokuja sokoni kuuza samaki na vyakula. Tippu Tip hakuwapo Nyangwe siku ile. Lakini miaka mitatu tu baadaye alifika hapo, na nchi ile ya Manyema ikawa yake.

Jinsi alivyoipata ni kisa cha aina yake. Alisikia kuwa mtemi wa Utetera, mzee Kasongo Rushie, alikuwa na dada zake waliotekwa na Warua zamani na hawakuonekana tena. Hamed akajitokeza na kudai kuwa mmoja wa dada hao alifikishwa pwani, akawa mke wa babu yake, na kwamba yeye ni mjukuu wake. Mzee akaamini, au akaona ni heri kuamini, akamkabidhi nchi. Yaani mtu aliyekuwa akifunga watu minyororo alipata usultani wake kwa kujifanya mjukuu wa mwanamke aliyefungwa minyororo. Yeye mwenyewe anakisimulia kisa hicho bila haya yoyote.

Akakaa Kasongo tangu mwaka 1875 hivi, na hapo ndipo maisha yake yalipobadilika kutoka ya mfanyabiashara kuwa ya mtawala. Manyema pembe zilikuwa nyingi na rahisi, lakini hapakuwa na Wanyamwezi wa kuajiri. Matokeo yake ni kuwa utumwa na pembe vikawa kitu kimoja. Vijiji vilivamiwa, wanawake na watoto wakashikwa, na jamaa zao wakaambiwa walete pembe ndipo wawakomboe. Ambao hawakukombolewa walitwishwa pembe, au walipelekwa mashambani kulima mpunga wa kuulisha mji, au vijana wao walipewa bunduki wakawa askari wa kuvamia kijiji kinachofuata. Wengi walibakia huko huko, hawakuuzwa pwani kabisa. Kwa hiyo anayetafuta idadi ya watumwa wa Tippu Tip katika vitabu vya mnada wa Unguja hataipata. Hasara ya nchi ile ilikuwa mashamba yaliyoachwa, watu waliokimbilia msituni, na vijana waliofundishwa kuishi kwa mtutu.

Upande wa pili ni kuwa Kasongo ulikuwa mji. Daktari mmoja wa jeshi la Wabelgiji aliyeingia humo baada ya kutekwa alistaajabia nyumba, bustani na mashamba yake. Kiswahili kiliota mizizi huko, na Uislamu pia, na mpaka leo Maniema ni mkoa wenye Waislamu wengi kuliko mikoa mingi ya Kongo. Sikubaliani na wanaosema kwamba hilo linafuta lile. Wala sikubaliani na wanaosema kwamba, kwa sababu ya lile, hili tulionee aibu. Watu wa Manyema walioshika dini hawakuipokea kwa niaba ya Tippu Tip.

Oktoba 1876 alifika Stanley, akataka kusindikizwa kuteremka mto. Walikubaliana reale 5,000 kwa safari ya vituo 60. Tippu Tip alimpeleka kupita msituni, wakaachana mwishoni mwa Desemba mwaka ule, na Stanley akaendelea mpaka akatokea Atlantiki. Alilalamika hadi uzeeni kwamba hakulipwa kilichoahidiwa. Hata hivyo hasara kubwa haikuwa ile ya reale. Kwa kumwonyesha Stanley njia ya mto, alikuwa amemwonyesha Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwamba pembe za Kongo zinaweza kutoka kwa meli upande wa magharibi, pasi na kupanda juu ya kichwa cha mpagazi kwenda Bagamoyo.

Aliporudi Unguja mwaka 1882 Seyyid Barghash alimtaka arudi upesi aishike Manyema kwa jina la Usultani. Alirudi mwaka 1883. Lakini mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 uligawa nchi bila ya Barghash kuulizwa, Wajerumani wakachukua bara la mrima, na Leopold akatangaza Dola Huru ya Kongo. Alipokutana tena na Barghash mwishoni mwa mwaka 1886, Seyyid alimwambia waziwazi kwamba hana tena uwezo wa kuitetea bara. Tippu Tip anakiri kuwa aliposikia hayo alijua mambo yamekwisha.

Hapo Stanley akaja na pendekezo. Februari 1887, pale Unguja, Tippu Tip alitia saini mkataba wa kuwa liwali wa Leopold katika Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, sharti likiwa apandishe bendera ya Dola Huru na azuie biashara ya watumwa chini ya maporomoko. Wakaondoka kwa meli kupitia Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo. Leopold, aliyekuwa akichangisha Ulaya kwa jina la kupiga vita utumwa, alimwajiri mmiliki mkubwa wa watumwa kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kupigana naye. Mambo hayakwenda vizuri. Wapagazi 600 ambao Stanley alidai kuahidiwa kwa ajili ya safari ya kumwokoa Emin Pasha walichelewa na hawakutimia, kiongozi wa kikosi cha nyuma Meja Barttelot akauawa Julai 1888, na Stanley akamshitaki Tippu Tip Unguja akitaka pauni 10,000. Kesi hiyo haikufika popote. Yeye akaondoka Kongo mwaka 1890 na hakurudi tena.

Mwaka 1892 Wabelgiji walianzisha vita dhidi ya watu wa pwani walioko Kongo, vita vilivyoelezwa Ulaya kuwa ni vya kuwakomboa watumwa. Ngongo Lutete, aliyekuwa jemadari wa Tippu Tip na mvamizi wa kutisha, akahamia upande wa Wabelgiji. Mwaka uliofuata wao wenyewe wakamuua. Nyangwe ilianguka Machi 1893 na Kasongo Aprili. Sefu, mwanawe Tippu Tip, aliuawa vitani mwaka huo huo. Mali yote ya Manyema ikapotea. Kisha Leopold akawatwika waliokombolewa kodi ya mpira na pembe, na wanawake wakawa wanashikwa rehani mpaka waume zao walete mpira wa kutosha. Mbinu hiyo wenyeji waliifahamu kabla. Dunia ilipopiga kelele, ilibidi mwaka 1908 aiachie Kongo serikali ya Ubelgiji.

Tippu Tip alipoteza bara, lakini hakufa maskini. Faida ya pembe alikwishaigeuza kuwa mashamba na nyumba. Katikati ya miaka ya 1890 alielezwa kuwa na mashamba saba na watumwa 10,000 Unguja. Nyumba yake ya Mji Mkongwe, Shangani, ingali imesimama, na wageni huonyeshwa mlango wake wa nakshi.

Sisi tunaoishi mijini tuna sababu ya kuyajua haya zaidi ya kujibu mitihani. Wamanyema wa Ujiji, Tabora na Dar es Salaam ni Waislamu wenzetu wa muda mrefu. Wengine mababu zao walikuja kama askari na wapagazi wa misafara hiyo, wengine walikuja na kamba shingoni, na familia nyingi hazipendi kuulizwa ni ipi kati ya hizo. Katika safu moja ya swala ya Ijumaa husimama mjukuu wa aliyefunga na mjukuu wa aliyefungwa, na huenda ni mtu mmoja. Tukiwaambia vijana kwamba utumwa wa pwani ni uzushi, tunamwambia huyo wa pili kwamba bibi yake hakuwahi kuwapo. Na wale wanaotaka kulitwika jambo hili kwa Waislamu peke yao, waanze kwanza kutueleza juu ya Salem, Connecticut, Réunion na Antwerp, na juu ya watu wapatao milioni 12 na nusu waliopakiwa katika meli za Atlantiki. Tutawajibu nasi juu ya Mkunazini.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultan Hamoud, chini ya shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba. Mtumwa aliyetaka uhuru alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba, na aonyeshe atakakoishi na atakavyojikimu. Wengi walibakia mashambani kwa makubaliano ya kufanya kazi siku kadhaa za wiki ili wapate mahali pa kulala na kiwanja cha kulima. Masuria hawakuhusishwa.

Tippu Tip alifariki kwa malaria nyumbani kwake Juni 1905, akiwa na miaka karibu 70. Masuria waliingizwa katika sheria mwaka 1909. Fidia ililipwa kutoka hazina ya serikali kwa kila mtumwa aliyeachiwa huru na mahakama, na aliyeipokea alikuwa bwana wake. Mtumwa hakulipwa chochote.